Damu Kabla ya Kufika Mashineni: Majibu kwa Wasomaji wa Lamu na Malindi

Barua nyingi zilizotufikia baada ya makala ya saratani ya toleo lililopita zilihusu jambo moja, nalo ni karatasi za maabara zisizokubaliana. Mgonjwa hupimwa mahali pawili, akapewa tarakimu mbili, na nyumbani hakuna ajuaye ipi ya kushika. Barua za Lamu na Malindi zilizidi za kwingine, na sababu yake ni rahisi kuiona: damu inayotolewa huko, hasa visiwani, mara nyingi hupimwa katika mji mwingine, na kwa hivyo hukaa saa nyingi, pengine siku, baina ya mkono wa mgonjwa na mashine.

Viashiria vya saratani ni vitu, vingi vikiwa protini, ambavyo huongezeka katika damu ya baadhi ya watu wenye ugonjwa huo. CEA, kinachotumika zaidi kufuatilia saratani ya utumbo mpana, kiligunduliwa na Phil Gold na Samuel Freedman mjini Montreal mwaka 1965. Baadaye vikaja PSA cha tezi dume, CA 125 cha ovari, CA 19-9 cha kongosho na vinginevyo. Karibu vyote hupatikana pia katika damu ya watu wazima wa afya, na katika maradhi yasiyohusiana na saratani. Kwa sababu hiyo, tofauti ndogo iliyoletwa na sindano, tyubu au joto yaweza kumvusha mtu mstari wa kawaida hali mwilini mwake hakuna kilichobadilika.

SWALI: Babangu ana umri wa miaka 67. Alianza kupata taabu ya kukojoa, akapimwa PSA hapa Lamu. Damu ilitolewa siku ya Ijumaa asubuhi, ikatiwa kwenye friji ya kliniki kwa kuwa sampuli hupelekwa Mombasa siku ya Jumatatu. Usiku wa Jumamosi umeme ulikatika mtaa mzima. Jibu lilisema PSA jumla 6.8 na PSA huru asilimia 9, na tukaambiwa kuwa asilimia hiyo ni ya chini na inatia wasiwasi. Ami yangu akashauri tumpeleke Mombasa mwenyewe. Huko alitolewa damu, ikapimwa siku ile ile: PSA jumla 7.1, PSA huru asilimia 13. Ipi ni ya kweli? Na kama ya kwanza ina kasoro, ni nani aliyekosa? (Binti wa Langoni, Lamu)

JIBU: Binti yangu, poleni nyote. Karatasi ya pili ndiyo ya kuaminiwa zaidi, lakini nakuomba usome jibu hili hadi mwisho kabla ya kufurahi, kwa sababu lina pande mbili.

PSA iliyomo katika damu huwa ya namna mbili. Sehemu kubwa imeshikwa na protini nyingine za damu, na sehemu ndogo imo peke yake, nayo ndiyo huitwa PSA huru. Mtu mwenye saratani ya tezi dume kwa kawaida huwa na sehemu huru iliyo ndogo kuliko ya mtu ambaye tezi yake imevimba kwa uzee tu. Ndiyo maana PSA jumla inapokuwa kati ya nanogramu 4 na 10 kwa mililita, yaani pale ambapo tarakimu peke yake haisemi mengi, madaktari huitazama asilimia ya PSA huru. Ikiwa chini ya 10, uwezekano wa saratani huwa mkubwa zaidi. Ikizidi 25, huwa mdogo. Na katikati ya hapo panahitaji uchunguzi mwingine.

Tatizo ni kwamba namna hizi mbili hazistahimili safari kwa kiasi kimoja. PSA jumla ni ngumu kiasi, na ikikaa siku moja au mbili haisogei sana. PSA huru hupungua upesi zaidi, hasa damu inapoachwa pamoja na chembe zake bila kutenganishwa, na hasa ikipata joto. Sasa tazama karatasi zako mbili. Asilimia 9 ya 6.8 ni takriban 0.6, na asilimia 13 ya 7.1 ni takriban 0.9. PSA jumla zimekaribiana sana, ilhali PSA huru ya kwanza ni pungufu kwa theluthi moja. Hiyo ndiyo sura inayotarajiwa kwa damu iliyokaa tangu Ijumaa hadi Jumatatu pasi na kutenganishwa, ndani ya friji iliyozimika usiku mmoja. Siwezi kuapa kwamba tofauti yote imetokana na hapo, kwa kuwa mashine za maabara mbili hazipimi sawasawa na mwili wenyewe hubadilika kidogo siku hadi siku, lakini mwelekeo ni ule ule.

Ilipasa ifanywe hivi. Damu huachwa igande, ikazungushwa kwenye mashine, na majimaji yake ya njano, yaitwayo seramu, yakatenganishwa na chembe ndani ya saa 3 tangu kutolewa. Seramu hiyo hutiwa kwenye friji ikiwa itapimwa ndani ya saa 24. Ikiwa ni zaidi ya hapo, hugandishwa katika nyuzi 20 chini ya sifuri, na kwa muda mrefu zaidi huhitaji friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Friji peke yake haitoshi, kwa kuwa tyubu iliyowekwa kwenye baridi na chembe zake ndani bado inaendelea kubadilika, ingawa polepole.

Umeuliza ni nani aliyekosa. Kwa maelezo yako, kliniki ile ilitoa damu siku ambayo ilijua kwamba haitaondoka, na haikuitenganisha. Ingaliweza kumwambia babako arudi Jumatatu asubuhi, na mzee angalirudi bila kinyongo. Hilo nalisema wazi kwa sababu ni jambo lisilohitaji pesa wala mashine, linahitaji mtu mmoja tu wa kuuliza, "Gari linaondoka lini?" kabla ya kumfunga mgonjwa mpira mkononi. Hata hivyo, si ajabu kwamba mhudumu hakujua. Vipimo vingi anavyotuma, kama vile vya homoni za tezi ya shingo, hustahimili zaidi, naye hakuambiwa kuwa PSA huru ina masharti yake.

Upande wa pili ni huu. Asilimia 13 nayo haijamtoa babako katika mashaka. Iko karibu na 10 kuliko 25, na PSA jumla ya 7 kwa mzee mwenye taabu ya mkojo ni jambo la kufuatiliwa na daktari bingwa wa njia ya mkojo. Naogopa sana kisa cha familia inayosikia kwamba "maabara ilikosea" ikaona maneno yamekwisha. Mchukue kwa daktari pamoja na karatasi zote mbili, na juu ya ile ya kwanza andika jinsi damu ilivyokaa. Kabla ya kurudia kipimo, apimwe mkojo, kwani maambukizo huipandisha PSA, na baada ya kutibiwa husubiriwa wiki 6 hivi ndipo ipimwe tena. Mwambieni daktari kama aliwahi kutiwa mpira wa kutolea mkojo, na kama anatumia dawa ya kupunguza tezi iitwayo finasteride, ambayo baada ya miezi 6 hivi huishusha PSA kwa nusu, hivyo tarakimu inayosomwa 7 huenda ikawa na maana ya 14. Ajiepushe na tendo la ndoa na kuendesha baiskeli kwa siku 2 kabla ya kutolewa damu. Haya mambo madogo wagonjwa wetu hawaulizwi, na wazee nao huona haya kuyasema mbele ya watoto wao, basi pengine ami yako ndiye afuatane naye ndani.

SWALI: Nilitolewa damu kwenye kliniki moja hapa mjini, na siku ya pili nikapigiwa simu nirudi kwa kuwa damu "imevunjika." Mume wangu anasema hiyo ni njia ya kutoza pesa mara mbili. Damu huvunjikaje? (Mama wa Majengo, Malindi)

JIBU: Mama, damu huvunjika kweli, na aliyekupigia simu amekufanyia wema. Ndani ya damu yako mna chembe nyekundu laini sana, zilizojaa vitu ambavyo havipo, au ni vichache, katika majimaji yanayozizunguka. Chembe hizo zikipasuka, vilivyomo humwagika na kuchanganyika na seramu. Mtaalamu huliona kwa macho: baada ya kuzungushwa, tyubu nzuri huwa na donge jekundu lililotulia chini na juu yake seramu ya njano hafifu, inayopitisha mwanga, iliyovunjika huwa na seramu ya waridi, na ikizidi huwa nyekundu kabisa.

Sababu zake nyingi ziko mikononi mwetu sisi tunaotoa damu. Sindano ikiwa nyembamba mno, bomba likivutwa kwa nguvu, damu ikisukumwa ndani ya tyubu kupitia sindano ile ile, spiriti ikiwa haijakauka juu ya ngozi, au tyubu ikitikiswa badala ya kupinduliwa taratibu, chembe hupasuka. Vivyo hivyo damu ambayo haijatenganishwa ikigusana na barafu na kuganda kwa baridi. Mpira nao usifungwe zaidi ya dakika moja, kwa sababu maji hutoka kwenye mshipa uliozuiliwa na protini zikabaki zimekolea, na viashiria vingi ni protini.

Madhara yake hutegemea kinachopimwa. Kiashiria kinachoharibika zaidi ni NSE, ambacho hutumika kufuatilia aina moja ya saratani ya mapafu na saratani moja ya watoto, kwa kuwa kimejaa ndani ya chembe nyekundu na katika chembe za kugandisha damu. Kwa kipimo hicho seramu hutenganishwa ndani ya saa 1, na tyubu yenye uwaridi hata kidogo haifai. CEA na PSA havisumbuki sana kwa uvunjikaji mdogo, lakini maabara makini huomba damu nyingine inapokuwa imezidi, kuliko kutoa tarakimu isiyo na dhamana.

Kuhusu pesa, mume wako ana haki ya kuuliza. Kosa la utoaji wa damu si kosa la mgonjwa, na sioni sababu ya kumtoza mara ya pili kwa kipimo kile kile. Ulizeni kwa upole kabla ya kukunja mkono wa nguo.

SWALI: Mimi ni mhudumu wa maabara katika zahanati ndogo upande wa Marafa. Tuna mashine ya kuzungushia damu na friji moja yenye friza juu yake. Umeme hukatika mara kwa mara, na pikipiki ya sampuli huja mara mbili kwa wiki kuzipeleka Malindi. Tunatuma PSA, CEA, CA 125 na AFP cha ini. Maagizo tuliyopewa ni "iwekwe kwenye baridi," basi. Naomba nifafanuliwe. (Mhudumu, Magarini)

JIBU: Ndugu mwenzangu, barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote mwezi huu, na nitakujibu kama tunaosimama kwenye meza moja.

Anza na tyubu. Kwa viashiria ulivyovitaja tumia yenye kifuniko chekundu au cha njano. Ya zambarau ina dawa ya kuzuia kuganda iitwayo EDTA, na hata siku moja usihamishe damu kutoka kwayo kwenda nyingine kwa kuwa damu haikutosha. Dawa hiyo huifuata damu na kuvuruga vipimo vingine, ikipandisha potasiamu na kushusha kalsiamu. Iache tyubu isimame wima hadi damu igande, dakika 30 kwa ile ya njano yenye jeli, na yapata saa 1 kwa nyekundu isiyo na dawa ya kugandisha. Usiharakishe. Damu iliyozungushwa kabla ya kuganda huendelea kutoa nyuzinyuzi ndani ya seramu, nazo huziba mrija wa mashine au kuipa mashine jibu la uongo. Damu ya wagonjwa wanaotumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, hukawia zaidi, basi waulize.

Zungusha kwa dakika 10, na tyubu ya jeli usiirudie mara ya pili, kwani majimaji yaliyobaki chini ya jeli pamoja na chembe yatapanda juu. Kisha hamisha seramu kwenye vijitubu vya plastiki vyenye kifuniko cha kukaza, uigawe sehemu mbili, na uache nafasi juu kwa ajili ya kutanuka. Andika jina, nambari, tarehe, na saa mbili, yaani saa ya kutoa damu na saa ya kutenganisha. Hizo saa mbili ndizo ninazozitafuta mimi kwenye fomu za watu, na mara nyingi sizioni.

Unapohamisha seramu, vaa glavu na usizungumze juu ya tyubu iliyo wazi. Hili si suala la adabu tu. CEA na CA 19-9 hupatikana katika mate, na kiashiria kingine kiitwacho SCC kimo katika mate na katika ngozi, hivyo tone la mate lisiloonekana laweza kumpandishia mgonjwa tarakimu.

Sasa baridi. Friji ni ya nyuzi 2 hadi 8. Seramu iliyokwisha kutenganishwa, kwa CEA, AFP, CA 125 na PSA jumla, hustahimili hapo siku kadhaa. Idadi kamili imeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo ya dawa ya kupimia inayotumika katika maabara inayopokea, na haifanani kwa watengenezaji wote. Waombe nakala. Maabara inayofuata ISO 15189, yaani kanuni za kimataifa za ubora wa maabara za tiba, ambazo hapa Kenya hukaguliwa na KENAS, shirika la taifa la ithibati, hupaswa kuwa na mwongozo wa maandishi kwa wanaoipelekea sampuli, nawe usione haya kuudai. PSA huru usiiweke kwenye kundi hilo; ni saa 24, au igandishwe.

Friza iliyo juu ya friji ya nyumbani usiiamini kabla ya kuipima. Nyingi hazifiki nyuzi 20 chini ya sifuri, na zile zinazojiyeyusha barafu zenyewe hupasha joto kila baada ya muda, sampuli ikawa inayeyuka na kuganda pembeni pasipo wewe kujua. Weka kipimajoto ndani, uandike asubuhi na jioni. Umeme ukikatika usifungue mlango, na ukirudi tazama kama sampuli imeyeyuka. Ikiwa imeyeyuka usiigandishe upya, ihamishie kwenye friji na uandike kwenye fomu yaliyotokea. Ile sehemu ya pili uliyoigawa ndiyo itakayokuokoa, kwani sampuli hufaa kuyeyushwa mara moja tu. Na seramu iliyoyeyuka lazima ipinduliwe taratibu mara kadhaa kabla ya kupimwa, kwa sababu protini hushuka chini, kama aiskrimu ya ukwaju ya watoto ambayo ikiyeyuka ndani ya kifuko juu hubaki maji matupu na utamu wote huwa chini. Anayechota juu atapata tarakimu ndogo.

Kwa safari ya pikipiki, kijitubu kiwe ndani ya kifuko kisichovuja, pamoja na pamba ya kutosha kunyonya kikivunjika, na kifuko kiwe ndani ya kisanduku kigumu. Vifuko vya barafu viwekwe kandokando na kitambaa au karatasi nzito katikati, visigusane na sampuli zisizogandishwa. Kisanduku kisifungwe karibu na bomba la moshi wala kuachwa juani wakati dereva anakunywa chai. Miezi ya kaskazi, kati ya Desemba na Machi, badilisha vifuko vya barafu saa ile ile ya kuondoka, si usiku uliotangulia.

Jambo la mwisho kwako ni vipimo ambavyo hupaswi kuvikubali. NSE nimekwisha kuitaja. Kalsitonini, inayofuatilia aina moja ya saratani ya tezi ya shingo, huharibika haraka sana, huhitaji barafu tangu mkononi na kugandishwa mapema. Kwa vipimo hivyo viwili mtume mgonjwa mwenyewe, usitume damu yake. Atagharimika nauli, lakini atarudi na jibu linalosemeka.

SWALI: CA 125 yangu imekuja 52, na kawaida nimeambiwa ni hadi 35. Nilitolewa damu siku ya pili ya hedhi. Je, ni kwa sababu tyubu ilivushwa baharini hadi Mokowe juani? (Msomaji wa Shela, Lamu)

JIBU: Dada, safari ya baharini si ya kwanza kushukiwa hapa, kwa kuwa CA 125 ni miongoni mwa viashiria vistahimilivu. Hedhi ndiyo ya kushukiwa. Kiashiria hiki hutoka pia kwenye ngozi laini zinazofunika viungo vya ndani ya tumbo na kwenye ukuta wa mji wa mimba, na hivyo hupanda siku za hedhi, mwanzo wa ujauzito, katika ugonjwa wa ukuta wa mji wa mimba kuota nje ya mahali pake, na katika kifua kikuu cha tumbo. Rudia siku kadhaa baada ya hedhi kwisha, na ufanyiwe pia picha ya mawimbi ya sauti. Ukiwa na tumbo linalojaa, maumivu yasiyoisha au kushiba upesi, usisubiri kurudia, nenda kwa daktari sasa. Na kama hukuwa na dalili yoyote wala historia ya saratani ya ovari katika ukoo, sioni kwa nini uliandikiwa kipimo hiki; hakipendekezwi kwa wanawake wa namna hiyo, kwa sababu huleta hofu nyingi kuliko faida.

SWALI: Nilitolewa tezi ya shingo kwa ajili ya saratani, na kila baada ya miezi 6 napimwa tairoglobulini, kiashiria cha saratani hiyo. Mara hii imeshuka sana, nami nashukuru. Rafiki yangu muuguzi ameona nameza vidonge vya kukuza nywele na kucha, akaniambia nikuulize kwanza. (Msomaji wa Malindi)

JIBU: Rafiki yako anastahili shukrani. Tazama lebo ya vidonge hivyo utafute neno biotini. Ni vitamini isiyo na madhara yenyewe, na mtu mzima huhitaji mikrogramu 30 hivi kwa siku, lakini vidonge vya nywele mara nyingi huwa na 5,000 au 10,000. Mashine nyingi za kupima viashiria hutumia biotini kama gundi ya kunasia kile kinachotafutwa. Damu ikijaa biotini ya vidonge, nafasi za kunasia huzibwa, na katika vipimo vya aina ya tairoglobulini, PSA na CEA, jibu hutoka chini kuliko ukweli. Idara ya serikali ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa vya tiba ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwezi Novemba 2017.

Kwa mtu uliye katika hali yako, tarakimu iliyoshushwa kwa uongo ni hatari kuliko iliyopandishwa, kwa kuwa iliyopandishwa hukurudisha hospitalini na iliyoshushwa hukulaza usingizi nyumbani. Acha vidonge, mweleze daktari wako, na urudie kipimo. Siku 2 au 3 bila kumeza kwa kawaida hutosha kwa vipimo hivyo, ila wenye maradhi ya figo huhitaji muda zaidi. Waulize pia maabara kama mashine yao hutumia biotini, maana si zote. Hapa hakuna kosa la utunzaji wa damu. Tyubu ingeweza kuwa safi na baridi yake kamili, na bado jibu lingepotoka.

SWALI: Kakangu alifanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana mwaka jana. CEA yake Malindi ilikuwa 3.1, na miezi mitatu baadaye Mombasa imekuwa 4.6. Amerudia kuvuta sigara. Je, ugonjwa umerudi? (Msomaji wa Mambrui)

JIBU: Kwa tarakimu mbili kutoka mashine mbili hakuna mtu awezaye kukujibu kwa haki. Watengenezaji hutumia kingamwili tofauti katika vipimo vyao, na damu moja iliyogawanywa ikapelekwa maabara mbili huweza kurudi na majibu tofauti pasi na yeyote kukosea. Sigara nayo hupandisha CEA. Wavutaji wengi wenye afya hufika hadi 5, ilhali wasiovuta huwa chini ya 3 hivi. Kwa hivyo kakako arudie kipimo pale pale Malindi alikopimwa mwanzo, mapema, asingoje miezi mitatu mingine, na damu ishughulikiwe kwa namna ile ile. Ikipanda tena katika maabara ile ile, daktari wake ataagiza picha. Kuanzia sasa achague maabara moja asiihame, na ikibidi kuhama, apimwe kote kuwili kwa siku moja ili pawe na mwanzo mpya wa kulinganisha. Sigara aiache, kwa CEA na kwa mengine yote.

SWALI: Je, nifunge kula kabla ya kupimwa viashiria vya saratani? Na ikiwa ni mwezi wa Ramadhani, nitolewe damu mchana? (Msomaji wa Mkomani, Lamu)

JIBU: Viashiria hivi havihitaji kufunga. Ikiwa damu hiyo hiyo itapimwa pia mafuta au sukari ya kufunga, fuata maagizo ya vipimo hivyo. Chakula chenye mafuta mengi muda mfupi kabla ya kutolewa damu huifanya seramu kuwa nyeupe, na baadhi ya mashine husumbuka nayo, basi kipindi cha asubuhi ni bora. Kuhusu saumu yenyewe, muulize sheikh wako, kwani hilo liko nje ya maabara. Upande wangu nasema tu kwamba damu ya tyubu moja au mbili ni mililita chache, na aliyefunga asubuhi bado ana maji mwilini kuliko alasiri. Mwambie mtaalamu kuwa umefunga, akutoe damu ukiwa umelala, na ukae dakika 10 kabla ya kuinuka.